Machela Iliyorudi Tupu

Baba,

Wamelifuta jina la nyumba yetu kwenye daftari la machela. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nilijua Jumapili iliyopita baada ya ibada, kikundi cha machela kilipokutana kwenye kivuli cha ghala la ushirika kama kila mwezi. Nilikuwa na mzigo wangu wa kuni kichwani, kwa kuwa nyumba isiyo na mwanamume wa kubeba wagonjwa hutoa kuni, na tangu Yeremia wako, mume wangu, afariki sijakosa zamu hata moja. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma kaya moja baada ya nyingine, akalifunga. Nikasema, "Mwenyekiti, umenisahau." Akaziangalia kuni, si mimi. "Mama Jeni, nyumba ile si ilishasema haihitaji machela?" Watu wakaanza kutafuta viatu vyao na huku wamevivaa. Nikarudi na kuni zangu, na ndizo ninazopikia wiki hii yote.

Sasa nikiugua mimi, au Jeni akija likizo akaugua, hakuna wa kutushusha. Bodaboda inabeba mtu anayeweza kukaa. Asiyeweza hubebwa na wanaume wanane mpaka barabara kubwa, mwendo wa saa nzima, na wanane hao hutoka kwenye daftari lile. Usiniambie mambo haya ni madogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hapa Kumsenga mtu anaweza kukosa chumvi akaishi, lakini asikose wa kumbeba.

Nimekaa miezi mitano nikikusemesha moyoni. Nikipepeta maharage nakusemesha, nikimenya muhogo nakusemesha. Nimeona afadhali niandike, maana naanza kusogeza midomo na watoto wanaopita na mbuzi wananiangalia. Tena Jumamosi ipo karibu. Shemeji Samweli anakuja kutoka Kasulu, ameita kikao cha ukoo. Wifi Debora naye atatoka Kitahana. Jambo ni moja: kama mimi niendelee kukaa hapa au nirudi kwetu. Kwetu wapi, Baba? Nilitoka Manyovu nina miaka kumi na tisa. Wazazi wamekwisha, na nyumba yao anakaa mdogo wangu na mke wake, ambaye nikimtembelea siku mbili anaanza kuhesabu vijiko. Wanasema nilikuzuia usiende hospitali ili ufe upesi, mimi nibaki na migomba yako.

Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa. Na wewe umelala.

Ngoja nianze mbali kidogo, labda nitapata ujasiri njiani.

Unakumbuka tulivyoishi baada ya Yeremia kufa na Jeni kupelekwa shule ya bweni Kasulu? Watu wawili katika boma moja, kila mtu anakula upande wake wa ukuta. Mkamwana hali mbele ya baba mkwe, hakai kwenye kiti chake, hamgusi. Hata jina lako sijalitamka mpaka leo. Pale dirishani hospitali ya wilaya karani aliponiuliza jina la mgonjwa, nilimpa kitambulisho chako asome mwenyewe. Akanihurumia akidhani sijui kusoma. Basi jioni ulikuwa unaiweka redio yako karibu na ukuta na kuongeza sauti ili nami nisikie taarifa ya habari. Ikiisha unauliza kupitia ukutani, "Umesikia hayo?" Nami najibu, "Nimesikia, Baba." Hatukuwahi kusema zaidi ya hapo na sikujiona mpweke hata siku moja. Upweke nimeujua sasa. Redio nimeihamishia upande wangu, naisikia vizuri kabisa, na hakuna anayeniuliza kama nimesikia.

Ugonjwa wako mimi niliugundua kwa mbwa. Alikuwa ananenepa. Nikajiuliza mbwa wa nyumba ya watu wawili anapata wapi kitambi, mpaka siku moja nikachungulia nikaona unamtupia tonge la ugali moja baada ya jingine, kisha unarudisha sahani safi na kusema umeshiba. Chakula kilikuwa kinakwama kooni na ulikuwa unaona haya. Tukaenda wilayani, tukatumwa Mwanza, Samweli akaandamana nawe, mkakaa huko wiki nyingi. Uliporudi ulikuwa na jina la ugonjwa, saratani ya koo, na shati lilikuwa linakuning'inia. Miezi kadhaa uji ulipita. Baadaye hata uji ukaanza kugoma.

Debora alikuwa anakuja kila baada ya siku mbili kukuosha, mimi nasimama nje nampitishia maji ya moto mlangoni. Lakini ana nyumba yake na mume wake, na Kitahana si jirani. Siku moja hakuja, mvua ilikuwa imeharibu njia. Nilikusikia unaniita, ukanyamaza, ukaniita tena. Nilisimama nje na beseni mpaka maji yakapoa. Ndipo ukasema, "Ingia. Aibu yangu imekwisha. Yako iache hapo nje."

Nikaingia. Uligeuza uso ukutani nikakuosha, na muda wote huo tukazungumza habari za panya walioingia kwenye maharage. Tulizungumza panya kwa bidii sana. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi nilikuosha na kila asubuhi tulikuwa na neno la kuzungumza, panya, au kahawa, au mchungaji anayehubiri mpaka watu wanasinzia, na ukutani kule nilikuwa naona shavu lako likicheka. Sijawahi kumwambia mtu kwamba zile zilikuwa siku nzuri. Nani atanielewa?

Januari daktari wa wilaya akakuandikia barua urudi Mwanza. Wakutoboe tumbo, wakuwekee mpira, uwe unalishwa kwa huo. Alisema kupona hutapona, ila utaongeza miezi. Uliisoma, ukaikunja, ukaiweka ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Siku ya tatu ukaniambia huendi. Ulisema maneno yako kwa kituo, kwa sababu mate yalikuwa yanakusumbua. Ulisema unataka kufia hapa, unaposikia kuku wako. Ulisema Yeremia alifia Mwanza, na mimi ndiye niliyekuwa naye, na najua.

Najua, Baba. Mwanao mwishoni alirudi kwenye Kiha, akawa anaomba kitu kwa Kiha, na manesi wema wale wakawa wananiuliza, "Anasema nini?" Anaomba apelekwe nje aone mvua. Wodi ilikuwa ghorofa ya tatu. Ndiyo sababu sikubishana nawe.

Kisha ukasema lile la pili. Wanao wasijue. "Wakijua watakuja kulia hapa, na wakilia nitakubali." Na wakiuliza, niseme ni mimi niliyekataa usipelekwe. Nikashangaa, kwa nini mimi? Ukanieleza habari ya fundi baiskeli, marehemu baba yake Feni. Nilikuwa bibi harusi mpya wakati ule, nakumbuka vizuri tu kwamba alijinyonga na kwamba hakuzikwa na kanisa. Sikujua kwamba ni wewe, kati ya wazee wa kanisa, uliyesimama ukasema asipigiwe kengele wala asiimbiwe. Ulisema, "Nilimnyima wimbo. Sasa mimi nikikataa matibabu, watasema ni kitu kilekile, na watakuwa wamejifunza kwangu." Nikakuona unaogopa. Sikuwahi kukuona unaogopa. Nikasema ndiyo, nitasema ni mimi. Mkamwana gani anajua kumwambia baba mkwe hapana?

Nesi Mwanahawa alijaribu kukutoa hofu hiyo. Alikuwa anapanda kilima chetu kwa pikipiki na chupa yako ya dawa ya maumivu mkobani, buibui lake limejaa vumbi jekundu, na bado anabisha hodi kwa lugha yao ya Tanga kana kwamba ameingia kwenye jumba la sultani. Alikuambia mbele yangu, "Mzee wangu, kukataa kukatwa si kujiua. Mwili wako, hiari yako. Ugonjwa ndio unaokuchukua, na mimi kazi yangu ni kuona hauchukui kwa ukatili." Ulimsikiliza kwa heshima. Alipoondoka ukasema, "Yule ni Mwislamu, hajui wazee wetu wa kanisa." Nikacheka na wewe ukacheka mpaka ukakohoa.

Februari hatukucheka. Kuna mchana uliniomba chupa yote. Ulisema nikupe, kisha nichukue jembe niende shambani, nirudi jioni. Ulisema polepole, kama mtu anayeagiza kiberiti. Hapo ndipo nilipojifunza kusema hapana. Niliichukua ile chupa nikaificha ndani ya chungu cha mbegu, nikawa nakuletea kipimo chako tu kama nesi alivyoagiza, na wewe ukageukia ukuta siku mbili nzima bila neno. Siku ya tatu ukauliza kama maharage yametoa maua. Nikajua umenisamehe, au umechoka kunikasirikia, sijui tofauti yake.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Baada ya wewe kufa, redioni walizungumza habari za nchi za mbali ambako mgonjwa anaruhusiwa kumwomba daktari ammalize. Wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja akasema ni dhambi, mwingine akasema ni huruma, kijana mmoja akasema kila mtu na maisha yake, mtangazaji akashukuru akaweka tangazo la sabuni. Mimi nilikuwa nakoroga uji na mkono umesimama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kati ya wote waliopiga simu sikusikia hata mmoja aliyewahi kuombwa. Mimi nimeombwa mara mbili na mtu mmoja. Mara ya kwanza nikakubali usipelekwe. Mara ya pili nikakataa. Ukiniuliza mpaka ulikuwa wapi kati ya hayo mawili, siwezi kukuonyesha kwa kidole. Najua tu kwamba ya kwanza mkono wangu uliiweza na ya pili haukuiweza, na kwamba siku zile mbili ulizogeukia ukuta ulikuwa unaumia, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Hilo linaniuma, Baba. Sijutii, na linaniuma.

Sasa niseme habari ya machela. Nimeizunguka vya kutosha.

Asubuhi ile ya Machi pumzi yako ilibadilika. Debora akaingia, akaisikia, akapiga yowe. Alikuita baba kwa Kiha, "Data, data," mpaka majirani wakatoka. Akampigia simu Samweli. Samweli akakodi gari likusubiri barabarani, akampigia mwenyekiti, na kabla sijamaliza kukubadilisha shuka wanaume wanane walikuwa uani na machela, matope yamewafika magotini. Walikuwa wameacha mashamba yao. Walisimama wakapiga makofi ya salamu, "Mwakeye," kwa sauti ya chini kama inavyofanywa penye mgonjwa. Sijawaona watu wema kama wale. Na mimi nikasimama mlangoni nikasema, "Baba haendi."

Debora akaniuliza, "Ni baba yako?"

Nikasema haendi, mimi ndiye ninayemuuguza, mimi nimeamua. Kama tulivyopatana. Samweli akawekwa kwenye simu, sauti juu, uani wote wanasikia, akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikarudia, mimi nimeamua. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mama Jeni, tupishe tu tumwone mzee mwenyewe." Nikampisha. Akainama akakuita mara tatu. Ulikuwa umefumba macho.

Ulikuwa macho, Baba. Mimi nimekuuguza, najua ulivyokuwa ukilala na ulivyokuwa ukijifanya umelala. Kope zako zilikuwa zinacheza. Sauti ulikuwa nayo, ndogo, lakini asubuhi hiyohiyo ulikuwa umeniomba maji. Neno moja lingetosha. "Siendi." Ningebaki mkamwana mtiifu na wewe mzee mwenye kauli yako. Mwenyekiti alisubiri muda mrefu sana, akanyanyuka, akatoka. Nilikutazama na wewe hukufumbua.

Nimekasirika nawe kwa ajili ya hilo. Sikuweza kukuambia ukiwa hai kwa sababu zilibaki siku nne tu na sikutaka kuzitumia vibaya. Nakuambia leo. Uliniacha peke yangu mlangoni.

Na kwa hasira hiyo na woga nikafanya kosa langu mwenyewe, hilo si lako. Machela ikishaletwa uani kwetu hairudi tupu. Hata mgonjwa akipata nafuu, au akikatika roho kabla hajabebwa, huwekwa mkungu wa ndizi juu yake, au ukuni mmoja, au hata jiwe, isije ikarudi kutafuta mtu. Mtoto wa darasa la pili anajua. Migomba ilikuwa palepale, mkungu umeinama mpaka unagusa ukuta. Sikukumbuka. Wale wanane wakasimama na machela mabegani wakinisubiri nitoe chochote, mimi nikadhani wanasubiri nibadili mawazo, nikafunga mlango. Wakashuka nayo tupu. Wiki hiyohiyo mwenyekiti akateguka mguu akitoka kilabuni, ikasemwa ni ile machela. Pombe ya lubisi aliyokunywa haikutajwa na mtu.

Ulikufa siku ya nne, asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa nimekushika mkono. Wala sikuangalia kama kuna mtu anaona. Kuku walikuwa wanapigana uani na uliwasikia, kidole chako kilisogea. Basi.

Ulizikwa vizuri, nikuambie hilo uridhike. Kengele ilipigwa. Kwaya mbili ziliimba, ya wazee na ya vijana, zikashindana kidogo. Mchungaji alisema ulipigana na ugonjwa mpaka dakika ya mwisho. Wanane walewale walikubeba kwenda kaburini na hawakukosea hatua. Mimi nilikuwa jikoni. Wanawake walinipa vitunguu nikate, wakazungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kinu.

Tangu hapo ni kimya. Hawanitukani, hapana, sisi si watu wa matusi. Wananisalimu kwa makofi mawili pale pa makofi kumi. Zamu ya kung'oa muhogo ilipita nyumba zote ikaniruka. Nimeng'oa mwenyewe, nimeloweka mwenyewe, nimeanika. Jeni alipokuja likizo aliniuliza kwa nini hakuna anayekuja kuomba moto. Nikamwambia siku hizi kila mtu ana kiberiti. Ana miaka kumi na tano, hakuniamini.

Anayekuja ni mmoja. Mama Feni, mjane wa yule fundi baiskeli. Alianza kuja mwezi wa sita. Alikaa, akachukua kisu, akaanza kumenya muhogo wangu bila kuniuliza habari. Akaja tena na tena. Unajua nilivyokuwa namwona yule mama zamani? Sikuwa namwona. Hakuna aliyekuwa anamwona. Miaka yote hiyo amepita njia hii na ndoo yake na mimi nampigia makofi mawili.

Jumapili niliporudi na kuni zangu nilimkuta ananisubiri. Nikashindwa. Nilimwambia yote. Barua iliyokunjwa, ahadi, mlangoni, macho yako yaliyofumbwa. Nikamwambia na lile ulilolisema juu ya mume wake, kwamba ulimnyima wimbo na kwamba lilikuwa linakuuma. Nilidhani atalia au ataondoka. Aliendelea kumenya. Muhogo ukaisha, akachukua mwingine. Mwishowe akauliza neno moja tu.

"Wewe, wa kwenu aliimbiwa?"

Nikasema aliimbiwa.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Baadaye sana, akifunga kitenge aondoke, akasema, "Sema, Mama Jeni. Mimi nilinyamaza nikidhani watachoka. Watu hawachoki. Wanazoea."

Nimelala siku nne na neno hilo. Nimejaribu kuona upande wako. Nikisema, huenda wazee wa kanisa watakaa kikao juu yako na wewe huwezi kujitetea. Nikinyamaza, nitafungwa mizigo Jumamosi, nami nitaondoka nikiwa muuaji, na Jeni atakuwa mtoto wa muuaji. Lakini hata hilo silo lililoniamulia. Lililoniamulia ni Debora. Mwezi uliopita nilimwona sokoni, akanikwepa, lakini kabla hajanikwepa nilimwona uso. Amekonda. Anaamini baba yake alitaka kuishi, na gari lilikuwa linasubiri barabarani, na mtu akasimama mlangoni. Anakuota hivyo. Samweli naye ndivyo anavyokuota. Miezi mitano hii mimi nimekulilia wewe peke yangu, wao wanamlilia mzee mwingine ambaye hakuwepo, mzee aliyeomba kubebwa akanyimwa. Huyo si wewe. Nilikuosha, nakujua.

Kwa hiyo ahadi yako naivunja. Nakuambia wewe kwanza, usije ukaisikia kwa watu. Jumamosi nitaleta kitabu chako cha nyimbo, nitaitoa barua ya daktari ilivyokunjwa na vidole vyako, niiweke mezani. Nesi Mwanahawa nimempigia, amesema atakuja na atasema kile alichokuambia, mbele ya mchungaji akitaka. Nitawaambia kwa nini hukuwaambia: kwamba uliogopa machozi yao kwa sababu yangekushinda. Debora litamchoma hilo. Nadhani pia litampa usingizi. Habari ya chupa sitaisema. Uliomba, sikukupa, imeisha kati yetu.

Wakisema ulijiua nitawajibu kwamba ulichoka, na kwamba mtu mzima aliyelima miaka sitini anaruhusiwa kuchoka. Wakitaka kukufuta kwenye orodha ya wazee wa kanisa, wakufute. Mimi nimefutwa na bado napika. Na mkungu wa ndizi nitaupeleka kwa kikundi kabla ya Jumamosi, niombe radhi kwa wale wanane, kwa sababu wao walikuja na mimi niliwafungia mlango. Hilo lilikuwa deni langu hata kama wewe ungefumbua macho.

Sijui kama watanibakiza. Samweli ana kichwa kigumu, kakirithi kwako. Wakiniambia niondoke nitaondoka, nihesabiwe vijiko Manyovu. Sisemi ili nibaki hapa, Baba. Nasema kwa sababu nimekuwa na baba yao mzima mzima, anayecheka akiwa amegeukia ukuta, anayeogopa, anayeomba msamaha kwa mtu aliyekwisha kuzikwa, na wao hawana. Si haki mkamwana abaki naye peke yake.

Kwaheri, Baba. Lala, hakuna atakayekubeba popote tena. Sina ahadi nyingine ila hii: Jumamosi watoto wako watajua kwamba ulikuwa macho.

Mkamwana wako,
Mama Jeni